Maneno ya Nyumbani: Mwalimu Afanye Nini na 'Vyai' na 'Kitamini'?

Muhula uliopita tulipokuwa tukisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, tulikutana na sentensi hii: "Wageni walipofika, mama aliandaa vyai sita." Mmoja wetu alilizungushia neno 'vyai' wino mwekundu, akaandika pembeni "chai haina wingi", akapunguza alama moja na kuendelea na insha iliyofuata. Insha ziliporudishwa, mwanafunzi huyo hakubisha. Alinyamaza. Tatizo ni kwamba alinyamaza kwa wiki tatu nzima, hata katika vipindi vya mazungumzo ambavyo awali alikuwa akivichangamsha kuliko wenzake.

Siku alipokuja ofisini ndipo tulipofahamu kisa chenyewe. Yeye ni mzaliwa wa Busia, mpakani, na ni miongoni mwa wanafunzi wetu wachache ambao nyumbani kwao huzungumzwa Kiswahili kila siku. Zamani mdogo wake, akiwa na umri wa miaka 3 hivi, alitumwa jikoni kuhesabu vikombe. Akarudi mbio na kutangaza mbele ya wageni: "Mama, vyai ni sita!" Watu walicheka, na tangu siku hiyo neno likabaki. Nyumbani kwao 'chai' ni ile ya kila asubuhi, na 'vyai' ni vikombe vinavyopangwa kwenye sinia wageni wanapokuja. Mwanafunzi wetu alikua akilisikia neno hilo, akaja nalo hadi chuo kikuu bila kujua kwamba halipo nje ya mlango wa nyumba yao.

"Mwalimu," alituambia, "nilidhani Kiswahili changu ni cha kweli. Sasa sijui ni lipi jingine ninalosema ambalo si la kweli."

Hatukuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jaribio la kumjibu, yeye na walimu wote wanaokutana na maneno ya namna hiyo darasani.

Maneno ya nyumbani ni yapi?

Katika somo la isimujamii tunawafundisha wanafunzi kuhusu lahaja, rejesta na misimu. Tunawaambia kwamba misimu ni maneno yanayozuka katika kundi fulani la watu, yakatumika kwa muda, kisha mengine yakafa na mengine yakakubaliwa na jamii nzima. Mifano tunayotoa huwa ni ya mitaani: makondakta, vijana wa vijiweni, wanamuziki, wanafunzi wa bweni. Ni nadra sana kutaja kundi dogo kuliko yote, nalo ni familia.

Hata hivyo, karibu kila familia inayokaa pamoja kwa muda mrefu ina maneno yake. Vitabu vya isimu hutaja lahaja nafsi, yaani namna ya kuzungumza ya mtu mmoja. Basi kati ya lahaja nafsi na lahaja ya eneo kuna ngazi moja ndogo ambayo tunaweza kuiita misimu ya nyumbani. Vyanzo vyake vikuu ni vitano:

Kwanza, makosa ya watoto ambayo wakubwa waliyapenda wakayahifadhi. Pili, maneno yaliyosikiwa vibaya. Tatu, utani, hasa majina wanayopewa watu na vitu. Nne, haja ya kuficha jambo mbele ya watoto au wageni. Tano, vitu ambavyo familia haikupata jina lake iliyoridhika nalo. Mfano wa hiki cha mwisho ni rimoti ya televisheni. Tumesikia nyumba moja ikiita 'kigeuzo' na nyingine 'kibonyezo'. Kila nyumba imeunda jina hilo kwa njia ile ile iliyotupatia 'kifuniko', 'kizibo' na 'kipimo': kiambishi ki- mbele, mzizi wa kitenzi katikati, na -o mwishoni.

Tofauti kati ya misimu ya nyumbani na ile ya mtaani iko katika kazi yake. Neno la mtaani hutafuta kuenea, na anayelijua mapema huonekana mjanja. Neno la nyumbani halina haja ya kuenea. Hubaki kwa sababu limebeba kisa: siku fulani, mgeni fulani, mtoto aliyekuwa bado na kigugumizi. Anayelisema huwakumbusha wenzake kwamba wote walikuwepo.

Kanuni iliyomo ndani ya kosa

Tuanze na 'vyai'. Mtoto yule wa Busia alikuwa ameshasikia kwamba 'chakula' kikizidi huwa 'vyakula', 'chumba' huwa 'vyumba', na 'cheti' huwa 'vyeti'. Kutokana na mifano hiyo akatoa kanuni: neno likianza na ch- na vitu vikiwa vingi, ch- hugeuka vy-. Kanuni hiyo ni sahihi. Ndiyo ile ile tunayoieleza ubaoni tunaposema kwamba ki- ikikutana na irabu hugeuka ch-, na vi- hugeuka vy-. Sisi huchukua wiki mbili kuifundisha. Yeye alikuwa nayo akiwa na miaka 3, bila ubao wala chaki.

Alichokosa ni habari kuhusu neno lenyewe. Katika 'chai', ch- si kiambishi. Ni sehemu ya neno lililokuja kutoka nje likiwa limekamilika, nalo liko katika ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo mtoto alikosea neno, hakukosea kanuni. Mwalimu anayepiga mstari mwekundu bila kutenganisha mambo haya mawili humfanya mwanafunzi aamini kuwa amekosea yote.

Mwanafunzi mwingine alitusimulia habari ya 'kitamini'. Mpwa wake alikuwa akipewa vidonge vya vitamini kila asubuhi. Siku moja kidonge kimoja kilianguka chini ya kitanda, na mtoto akalia: "Kitamini changu kimepotea!" Akili yake ilikwisha kuamua kwamba 'vitamini' ni wingi, kama 'viazi' na 'vitabu', na kwamba kimoja chake lazima kianze na ki-.

Tunaweza kucheka, lakini tukumbuke kwamba watu wazima wamefanya jambo hilo hilo kwa karne nyingi. Neno 'kitabu' lenyewe lilitoka katika Kiarabu, na huko 'ki' yake haihusiani na umoja, maana wingi wake kwa Kiarabu ni 'kutub'. Waswahili walipolipokea walisikia ndani yake ki- yao wenyewe, wakasema 'vitabu', na leo hakuna kamusi inayowakosoa. Tanzania, madereva walisoma kwenye mizunguko ya barabara kibao cha Kiingereza kinachowaamuru washike kushoto. Maneno hayo mawili yakaunganishwa yakawa 'kipilefti', na wingi wake 'vipilefti'. Kadhalika kinga ya tope ya baiskeli iliitwa 'madigadi' kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Kwa kuwa neno lilianza na ma-, mafundi walitoa umoja wake, 'digadi'. Fundi baiskeli na mtoto wa kitamini wamepita njia moja. Tofauti ni kwamba la fundi lilikubaliwa na watu wengi, na la mtoto lilikubaliwa na watu watano.

Hapa ndipo tunapopata somo zuri la ngeli. Wanafunzi wetu wengi huziona ngeli kama jedwali la kukariri kwa ajili ya mtihani. Lakini ngeli ni mashine inayofanya kazi kila saa, inayopokea neno geni na kulitafutia mahali pa kukaa. Tena neno 'ngeli' lenyewe linaelezwa kuwa limetoka katika Kihaya, likiwa na maana ya aina. Wanafunzi wetu wanaozungumza Kiganda hulitambua mara moja kwa sababu kwao lipo neno 'engeri' lenye maana hiyo hiyo. Istilahi inayowatisha kuliko zote ilikuwa neno la nyumbani la jirani yetu.

Vitenzi na maneno ambatani

Kanuni za vitenzi nazo hujitokeza nyumbani. Katika familia moja mtoto alikuwa akisema "niviatishe", yaani nivalishe viatu. Dada yake alipotaka kumtania akaongeza "na mimi nisokeshe", yaani nivalishe soksi. Tulipoliandika ubaoni, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini wa kwanza alisema -isha na wa pili -esha. Hilo ni swali ambalo huwa tunalisubiri muhula mzima bila kuulizwa. Jibu ni usare wa irabu: irabu ya mwisho ya mzizi ikiwa a, i au u, kiambishi cha kusababisha huwa -ish-, kama katika 'pandisha' na 'rudisha'. Ikiwa e au o huwa -esh-, kama katika 'wezesha' na 'somesha'. Watoto wale wawili hawakusoma kanuni hiyo popote, na hawakuivunja.

Je, inaruhusiwa kuunda kitenzi kutokana na nomino? Lugha imefanya hivyo mara nyingi. Kutokana na 'taifa' tumepata 'taifisha', kitenzi kilichokuwa midomoni mwa watu wengi baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, benki zilipowekwa chini ya serikali ya Tanzania. Kutokana na sifa 'sahihi' tumepata 'sahihisha', kazi iliyotuingiza katika kisa hiki. Simu za mkononi zilipoenea tulipata 'kubipu', na mara moja watu wakaanza 'kubipiana' na kuambiana 'nibipie'. Hakuna kamati iliyokutana kuamua mnyambuliko huo.

Njia ya tatu ni kuambatanisha maneno. Mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye baba yake alikuwa askari, alituletea neno 'mlalachonjo'. Baba huyo aliwahi kumkuta mwanawe amelala na sare ya shule na viatu mguuni ili asichelewe asubuhi. Askari akiwa kazini huamriwa akae chonjo. Mtoto huyu yeye alikuwa akilala chonjo, basi akawa 'mlalachonjo'. Muundo huo hauna kasoro yoyote. Ni ule ule wa 'mlalahoi', jina ambalo Watanzania walimpa mtu maskini anayefika nyumbani hoi kwa kazi, neno lililoanza kama la mzaha na leo linasomwa hata magazetini.

Kutoka nyumbani hadi barabarani

Baadhi ya wasomaji watauliza: mambo haya madogo ya majikoni yana uzito gani kwa Kiswahili kwa jumla? Tunajibu kwa mifano ya hapa kwetu Uganda.

Miaka ya 1960 waendesha baiskeli wa Busia walikuwa wakibeba abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpakani, cha Uganda na cha Kenya. Walikuwa wakiita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilitamka mara mbili. Mwito huo ukawa 'bodaboda'. Baiskeli zilibadilishwa na pikipiki, mpaka wenyewe ukasahauliwa, na sasa neno linatumika Kenya na Tanzania kwa watu wasiojua kwamba lilizaliwa Busia, mji ule ule wa 'vyai'.

Chapati iliyokunjwa na mayai ndani yake, ambayo wanafunzi wa Kampala huinunua barabarani usiku, huitwa rolex. Jina hilo halihusiani na saa za mkononi. Lilitokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, yakatamkwa haraka na wauzaji na kusikiwa na wateja wao kama neno moja. Gomesi nalo, vazi la heshima la akina mama wa Uganda, limebeba jina la ukoo wa fundi cherehani Mgoa aliyekuwa akishona Kampala mwanzoni mwa karne ya 20.

Kila moja ya maneno haya lilikuwa la watu wachache kabla ya kuwa la wengi. Hatusemi kwamba 'vyai' itafika Dar es Salaam. Maneno mengi ya nyumbani hufa nyumbani, na hakuna ubaya. Tunachosema ni kwamba mahali ambapo maneno madogo hayazaliwi, makubwa nayo hayatazaliwa.

Zoezi lililotushangaza

Baada ya kisa cha 'vyai' tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi. Kila mmoja alete neno moja linalotumika nyumbani kwao tu, aeleze lilivyoanza, na aonyeshe limeundwa vipi. Tulitarajia kupata orodha ndefu ya maneno ya Kiswahili.

Orodha ilikuwa ndefu kweli, lakini sehemu kubwa haikuwa ya Kiswahili. Kulikuwa na maneno ya Kiganda, Kisoga, Kiteso na Kiacholi, na mengine ya Kiingereza kilichogeuzwa geuzwa. Yale ya Kiswahili yalitoka kwa wachache: waliolelewa mipakani, watoto wa askari, wenye jamaa Wanubi wa Bombo, na mmoja ambaye baba yake ni dereva wa malori ya masafa marefu. Kijana mmoja aliyekaa nyuma alisimama akasema bila kutania: "Mwalimu, nyumbani kwetu halipo hata moja. Kiswahili chetu hakijawahi kumchekesha mtu."

Kauli hiyo ilitufikirisha zaidi ya majibu mengine yote. Historia ya Kiswahili nchini Uganda tunaijua. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa wengi kikabaki katika kumbukumbu kama lugha ya kambi na ya vizuizi vya barabarani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikiweka kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji wa hadhi hiyo ya lugha rasmi. Matamko haya ni muhimu, na sisi walimu tunayafurahia. Lakini yote yanahusu ofisi, jeshi, bunge na darasa. Hakuna tamko linaloweza kuifanya familia itanie kwa Kiswahili.

Kulikuwa na jibu moja lililotupa matumaini ya aina yake. Mwanafunzi mmoja alieleza kwamba wazazi wake walizungumza Kiganda na Kiingereza na watoto, lakini walipotaka kujadili mambo ya pesa walihamia Kiswahili ili watoto wasielewe. Nyumba za namna hii ni nyingi nchini kwetu, ambako Kiswahili huingia ndani kama lugha ya siri. Watoto hawakuelewa mazungumzo, ila waligundua kwamba kila wazazi walipolitazama kopo fulani la maziwa ya unga lililokuwa juu ya kabati, walisema "hakuna". Wakaamua kuwa ndilo jina lake. Mtoto mdogo akaja kusema: "Mama, nitolee pesa ya kalamu kwenye hakuna." Hadi leo familia ile huweka akiba yake ndani ya 'hakuna'. Kiswahili kilichotumiwa kuwafungia watoto mlango ndicho kilichowapa neno lao la kwanza.

Hila ya kufichana kwa maneno si ngeni katika Uswahili. Wakazi wa pwani wana mchezo wa siku nyingi uitwao kinyume, ambamo silabi ya mwisho ya neno hupelekwa mwanzoni, 'maji' yakawa 'jima'. Askofu Edward Steere aliukuta Unguja katika karne ya 19 akaueleza katika maandishi yake. Mchezo huo ni zoezi zuri sana la silabi, na wanafunzi wetu huufurahia mara wanapouelewa.

Mwalimu afanye nini?

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kila kosa lipewe alama. Kiswahili sanifu kina kazi yake, na kazi hiyo ina historia iliyopita hapa kwetu pia. Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili ilihusisha Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, na kuanzia mwaka 1952 makao yake yalikuwa Makerere kwa takribani miaka 10. Lugha sanifu ni makubaliano yanayomwezesha mtu wa Busia aandike barua ikasomwa Zanzibar na Kigoma. Mgonjwa akimwambia muuguzi asiyemjua kwamba amemaliza 'vitamini' vyake, ataeleweka. Akisema amepoteza 'kitamini', atatazamwa tu.

Kwa hiyo sisi katika Idara tumekubaliana kufuata hatua tatu, na tunazipendekeza kwa walimu wa sekondari pia.

Hatua ya kwanza ni kuuliza kabla ya kukata. Mwalimu akikutana na neno asilolijua, amuulize mwanafunzi: "Hili umelipata wapi?" Jibu litaonyesha kama ni kosa la kutojua, neno la mtaani, au neno la nyumbani. Kila moja lina tiba yake.

Hatua ya pili ni kutenganisha kanuni na neno. Katika insha ile ya 'vyai', alama iliyopunguzwa hatukuirudisha, kwa sababu mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Tulichofanya ni kufuta maneno "chai haina wingi" na kuandika mengine: "Kanuni yako ni sahihi, neno ni la nyumbani kwenu. Katika insha andika vikombe sita vya chai." Mwanafunzi aliyasoma pale pale ofisini, akayasoma tena, akauliza kama anaweza kumpigia mdogo wake simu amsomee. Wiki iliyofuata alirudi kuzungumza darasani.

Hatua ya tatu ni kulifanya darasa lenyewe liwe mahali ambapo maneno yanaweza kuzaliwa. Hili tulijifunza kwa bahati. Siku moja baada ya kueleza vitenzi vya kutendeana tuliuliza kama wote wameelewa. Wakaitikia kwa sauti moja: "Ndiyo!" Tulipowapa zoezi hakuna aliyeliweza. Kijana yule wa nyuma, ambaye Kiswahili cha kwao hakikuwahi kumchekesha mtu, akasema: "Mwalimu, sisi ni wandiyo." Darasa zima liliangua kicheko. Tangu siku hiyo anayeitikia bila kuelewa ni 'mndiyo', wengi wao ni 'wandiyo', na tabia yenyewe ni 'undiyo'. Kutokana na neno moja la mzaha darasa lilipata ngeli mbili, umoja na wingi wake, na nomino ya dhahania. Tulipata na faida nyingine ambayo hatukuitafuta. Sasa mwanafunzi asiyeelewa husimama akasema, "Leo mimi si mndiyo," na hakuna anayemcheka kwa kutoelewa.

Neno hilo halitaingia kamusini, na wala halihitaji kuingia. Lakini kijana yule sasa ana neno lake la Kiswahili, na lilimchekesha mtu.

Hitimisho

Turudi kwa swali la mwanafunzi wetu wa Busia. Kiswahili chake ni cha kweli. Tena ni cha kweli zaidi pale alipodhani hakifai, kwa sababu lugha ambayo watoto wameikosea nyumbani na wazazi wakalihifadhi kosa hilo ni lugha iliyokwisha kuwa yao. Anachohitaji kutoka kwetu ni kujua lipi la nyumbani na lipi la kuandikia barua. Hilo linafundishika.

Tungependa kuongeza jambo moja. Maneno haya huondoka na watu. Yule binti wa 'mlalachonjo' alitueleza baada ya kipindi kwamba baba yake alifariki dunia miaka kadhaa iliyopita, na kwamba hakuwahi kuliandika neno hilo mahali popote kabla ya zoezi letu. Ndugu zake wametawanyika, na kati yao ni yeye tu aliyekuwa bado akilitumia. Sasa ana mtoto wa miaka 4 ambaye hakumwona babu yake. Jioni mtoto akisinzia sebuleni na viatu mguuni, mama yake humbeba kumpeleka kitandani akisema, "Haya, mlalachonjo, twende." Na mtoto, kwa alivyotuambia, hujibu: "Mimi si mlalachonjo, mimi ni mlalaviatu."

Kwa hiyo tunawaomba walimu na wanafunzi wanaosoma makala haya wafanye zoezi hili likizo ijayo. Waulize wazee wao maneno ya nyumbani, ya Kiswahili au ya lugha nyingine yoyote. Waandike neno, kisa chake, nani alilianzisha, na kanuni iliyotumika kuliunda. Ambaye nyumbani kwao halipo hata moja asione haya, aanze na la darasani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nasi tunasubiri kuona mtakachotuletea.